Tangi Chini ya Mama Mkwe

Watu wa Kamina wanapenda kucheka, na mimi niliwapa sababu nzuri: nilikuwa karani wa ofisi mwenye mashua. Mji wetu ni mji wa reli. Una garimoshi linalokuja siku linayotaka lenyewe, una pikipiki na baiskeli, una vumbi jekundu, lakini maji hauna, ukiacha madimbwi ya msimu wa mvua. Wenzangu ofisini waliniuliza mashua yangu naifunga wapi, kwenye nguzo ya umeme? Niliifunga Bukama, ambako reli inaukuta mto Lualaba, na kutoka kwetu mpaka huko ni safari ya siku nzima ukiwa na bahati. Nilivumilia vicheko vyao miaka kumi na mmoja.

Sababu ya mashua ilikuwa mke wangu. Yeye alizaliwa Sanga, kijiji cha ukingoni mwa ziwa Kisale, ambako wataalamu wa kigeni huja kufukua makaburi ya watu wa kale, na wenyeji huwapisha kidogo, kisha huendelea kuanika samaki wao. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kimethodisti. Nyumbani tulijua nyimbo za kitabu kizima kabla ya kujua kuogelea, na wengine wetu kuogelea hatukujua kamwe. Kwao ni Wakatoliki, watu wa samaki na mihogo. Nilipomwoa, kila likizo ilibidi niende kuwaamkia wakwe, na mitumbwi ya abiria ilipakia watu, mbuzi na magunia mpaka maji yakabakiza kidole kimoja tu kufika ukingoni. Mimi ni mwoga, nasema kweli. Nikanunua mashua ya mbao iliyochakaa, yenye mlingoti mfupi na tanga la turubai ya bluu, nikaifungia mashine iliyotolewa kwenye kinu cha mahindi kule Kaniama. Upepo ukiwa mwema tulitweka turubai. Upepo ukigoma tuliwasha kinu, na mke wangu alisema tunakwenda kusaga ziwa.

Mazutu, ndivyo tunavyoita dizeli, yalikaa ndani ya pipa la chuma lililolazwa ubavu chini ya benchi la katikati. Hakukuwa na mshale wa kuonyesha yaliyobaki. Ukitaka kujua, uliinua ubao wa benchi, ukafungua kizibo, ukatumbukiza fimbo mpaka iguse chini, ukaitoa na kutazama ilipolowa. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nimewaona wengi majini wakipima kwa kugonga pipa na kusikiliza, sawa na vijana wetu wa teksi za pikipiki wanaotikisa chombo na kutega sikio. Mimi ni karani, sipimi kwa sikio.

Fimbo hiyo tuliitengeneza sisi wawili, Jumapili moja pale Bukama. Nilikuwa nimekata mwanzi na kuugawa sawasawa kwa rula ya ofisini, alama kumi na mbili, nafasi ileile kila mahali. Nikamwonyesha kwa fahari. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliniangalia vile alivyowaangalia wanafunzi waliojumlisha vizuri hesabu ya kutoa.

"Papa," akasema, "pipa inalala, haisimame. Weye unaipima sawa vile inasimama."

"Iko tofauti gani? Pipa njo pipa."

"Mwaga mazutu, utaona."

Tukamwaga. Lita tano ndani ya pipa, anatumbukiza mwanzi mpya, nakata alama kwa kisu. Lita tano tena, alama nyingine. Kazi ile ilimaliza mchana wetu wote, na nikaona kwa macho yangu kwamba alama za chini zinaachana sana, na za katikati zinasongamana, kwa kuwa pipa lililolala ni jembamba chini na pana katikati. Pipa linalolala ni mwongo, alisema. Ukikaribia mwisho linakuonyesha kipande kirefu cha mwanzi uliolowa, unadhani unayo mengi, kumbe ni lita tano zilezile. Usiangalie urefu, hesabu alama. Ni yeye pia aliyeleta chaki za darasani, vile vipande vidogo visivyoshikika tena ubaoni, akaupaka mwanzi ili mstari wa mazutu uonekane wazi. Mimi nilikuwa na hasira, maana hakuna mwanamume anayependa kusahihishwa mbele ya wachuuzi wa samaki. Leo ningetoa chochote nilicho nacho ili nisahihishwe tena namna ile.

Sasa lazima nieleze heshima ya ukwe kwetu Waluba, la sivyo msomaji wa mbali ataniona mjinga zaidi ya nilivyo. Mama mkwe hamtazamani usoni. Hamli pamoja. Humpi kitu mkono kwa mkono: unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakichukua. Ukimwona anakuja njiani, unaiacha njia. Salamu zipo, na maneno mafupi ya lazima yapo, ila kwa mbali, nyuso zimegeuzwa. Kumwambia asimame ili upeleke mkono wako pale alipokuwa amekaa, hilo hata halitajwi kati ya yaliyokatazwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu anaweza kulifanya. Na dada zake wote ni mama wakwe kwako vilevile, hakuna punguzo. Siku hizi vijana wa mjini wanalegeza; wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Mimi na mama huyu hatukulegeza hata uzi. Nadhani kila mmoja wetu alijivunia kwamba mwenzake anajua adabu.

Kwa hiyo maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu. Tukiwa Sanga, mimi hukaa upande huu wa nyumba, mama upande ule, naye katikati na sufuria zake.

"Umwambie mama, samaki iko mutamu," nilisema siku moja.

"Mama, anasema samaki iko mutamu. Anasema bamwongezee."

"Sikusema baniongezee!"

"Anasema anaona haya, lakini iko na njaa."

Mama alicheka huko aliko, nikasikia kicheko bila kumwona anayecheka. Sote watatu tulisikiana vizuri, ukuta wa udongo hauzuii sauti, lakini neno lilikuwa halijafika mpaka lipitie kwake, na likipitia kwake lilitoka na chumvi zaidi. Kwa njia hiyo mimi na mama mkwe tulipendana sana. Nasema kupendana, sitafuti neno jingine.

Kisha miguu ya mke wangu ikaanza kuvimba. Mwanzoni alivaa ndala kwenda shuleni na kuwatania wanafunzi kwamba mwalimu wao sasa ana miguu ya waziri. Baadaye hakuweza kusimama mbele ya ubao. Nilimpeleka hospitali pale Kamina, wakasema figo. Madaktari walinieleza kwa maneno marefu ya Kifaransa, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Siku zilipoendelea maneno yao yakawa mafupi, hapo nikaelewa kweli.

Asubuhi moja akanishika mkono wa shati.

"Uende umulete mama," akasema. "Weye mwenyewe. Ukituma mutu mwingine, hatatoka."

Ilikuwa kweli. Mama yule hakuwahi kuliacha ziwa. Garimoshi kwake lilikuwa habari tu ya watu. Lakini mkwe akija mwenyewe kumchukua, hiyo ni heshima, na heshima hakuweza kuikataa. Nilimwuliza mke wangu kama ataweza kuvumilia siku zote hizo za safari.

"Ntabangoja," akasema. "Lakini musikawiye."

Nilimwacha na mwalimu mwenzake, rafiki yake wa miaka mingi, aliyeahidi kutoondoka kando ya kitanda. Nikapanda pikipiki mpaka Bukama, na kesho yake nikashuka mto. Mkondo ulikuwa upande wangu, upepo nao ulijitahidi, na pale ulipolegea niliwasha mashine, nikamimina na kidumu changu cha akiba. Nilifika Sanga jioni ya siku ya tatu. Nilimtuma katekista wa kijiji aingie kusema yaliyonileta. Nilisubiri kilio, hakikuja. Katekista alitoka akasema mama ameuliza jambo moja tu: tunaondoka saa ngapi?

Jioni ileile nilipima mazutu, haraka haraka, maana kulikuwa na wazee wa ukoo wakinisubiri. Niliutoa mwanzi nikaona umelowa kipande kizuri, kirefu cha kuridhisha. Sikuhesabu alama. Nilijiambia nitahesabu alfajiri kabla ya kuondoka, na kukiwa na upungufu nitanunua pale pale kijijini. Mtu aliyenifundisha kwamba pipa linalolala ni mwongo alikuwa kitandani Kamina, na mimi niliangalia urefu kama mtoto.

Asubuhi wazee walinishika tena, hotuba juu ya hotuba, baraka juu ya baraka. Kila mmoja alikuwa na neno la kumpelekea binti yao. Niliposhuka majini hatimaye, mwanzi mkononi, umeshapakwa chaki, nikakuta mama mkwe ameshapanda. Hakuwa peke yake. Si vizuri mama asafiri na mkwe wake wawili tu, kwa hiyo alimchukua mdogo wake. Wote wawili walikuwa wamekalishwa benchi la katikati, chini ya kivuli, ndiyo nafasi ya heshima. Vikapu vya samaki waliokaushwa vilikuwa vimezunguka miguu yao, vitenge vyao vimefunika ubao wote. Pipa lilikuwa chini yao.

Nilisimama majini, maji yakifika magotini, nikiwa na mwanzi wangu. Mama wakwe wawili katika mashua moja, na mtu wa kati hayupo. Mtu wetu wa kati ndiye tuliyekuwa tunamwendea.

Ningeweza kumwambia katekista. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Sentensi moja tu: waambie bamama wasimame, nipime. Lakini kijiji kizima kilikuwa ukingoni, wanawake wanaimba, wazee wanatazama, na mimi niwainue wazazi wa mke wangu niingize mkono chini ya vitenge vyao? Nikakumbuka kile kipande kirefu cha mwanzi. Nikajiambia yanatosha. Nikaulaza mwanzi ubavuni mwa mlingoti, nikaenda kukaa nyuma kwenye usukani, nikawasha.

Ziwani sikuona kitu ila migongo yao miwili, nayo sikuiangalia. Niliangalia mafunjo pande zote. Kurudi ni kupambana na mkondo, na mashine inayopambana inakunywa. Nilijua hilo. Karani hujua mambo mengi. Kabla ya saa sita tukafika kijiji cha wavuvi pale mto unapoingia ziwani, ambako wanawake hupanga mazutu kwenye chupa juu ya meza kama wauzavyo mawese. Nikapunguza mwendo. Niliziona chupa. Lakini kununua ni kumimina, na kumimina ni ubao uleule, kizibo kilekile. Nilisikia mashine ikinung'unika chini chini, nikatafuta sentensi. Niliitengeneza kwa Kiswahili, nikaitengeneza kwa Kiluba, nikaitafuta hata kwa Kifaransa, lugha ambayo mama hakuijua. Kila lugha ilikuwa na aibu yake. Nilimwona mama, kwa pembe ya jicho, akijisogeza kidogo juu ya benchi, kisha akatulia. Nikafikiri anasema moyoni: mbona huyu anakawia, mtoto wangu yuko kitandani? Nikaongeza mwendo. Meza ya chupa ikabaki nyuma.

Mashine ilikohoa alasiri, mara mbili, ikanyamaza. Tulikuwa katikati ya vile visiwa vya mafunjo vinavyoelea, leo viko hapa, kesho viko kule, mahali pasipo na mtu. Nilitweka turubai. Upepo ulitoka mbele, ukatusukuma tulikotoka, ukatuingiza mafunjoni. Nikashusha turubai, nikachukua upondo, nikasukuma mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Mbele yangu ile migongo miwili haikugeuka. Mama mdogo alianza rozari kwa sauti ya chini. Niliendelea kusukuma mpaka jua likazama. Usiku ule sina la kusimulia. Mbu walikuwepo, na asubuhi ilikuja.

Mvuvi mmoja alitukuta jua likiwa limeshapanda. Alikwenda, akarudi na mazutu kwenye dumu, na huo nao ulikuwa muda mrefu. Akaunganisha mtumbwi wake na mashua yetu, akauliza tangi iko wapi. Nikaonyesha kwa kidevu.

"Bamama," akasema, "musimame kidogo."

Wakasimama. Ilikuwa hivyo tu. Akainua ubao, akafungua kizibo, akamimina, akafunga, akawaambia wakae, wakakaa. Mtu asingemaliza kumenya ndizi. Nilikuwa nimegeuka kutazama maji, na nilimchukia mtu yule aliyekuwa anatuokoa. Sikumwuliza hata jina.

Tulifika Bukama kesho yake jioni, na simu yangu ilipopata mtandao, ujumbe wa yule mwalimu rafiki wa mke wangu uliingia: mufanye mbio. Ulikuwa umetumwa jana yake. Nilipiga, haikupokelewa. Tulipata lori usiku ule, akina mama wakakaa na dereva, mimi juu ya magunia ya mahindi. Tukafika Kamina saa tisa alasiri. Yule mwalimu alikuwa amesimama nje ya lango la hospitali, kitenge amekifunga kiunoni juu ya nguo yake ya kazi, na alipotuona tunashuka akaweka mikono kichwani. Basi tukajua.

Alikuwa amefariki saa mbili asubuhi ya siku ileile. Kutoka saa mbili mpaka saa tisa ni saa saba. Sisi mafunjoni tulikaa usiku mzima na zaidi. Hesabu hiyo wanafunzi wake wa darasa la pili wangeiweza.

Rafiki yake alinieleza yote baadaye, mimi nikitaka na nisitake. Kwamba siku ile ya mwisho kabisa aliuliza kila mara, "Banafika Bukama?" Kwamba hakuwa na maumivu makali. Kwamba kuna wakati alicheka, kicheko kidogo cha pumzi, akasema, "Sasa mule mu mashua, nani anabaongelesha?" Rafiki yake hakuelewa maana yake, akanitazama kana kwamba mimi nitamweleza. Nilitoka nje.

Matanga yalikuwa makubwa. Wamethodisti waliimba, Wakatoliki wakaitikia, mwishoni wakaimba pamoja. Watu waliniuliza safari ilikuwaje, nikajibu mazutu yaliisha njiani. Wote walisema vilevile: Mungu amepanga. Niliwaacha waseme. Mungu alisingiziwa kwangu wiki nzima, naye hakulalamika.

Watu walipotawanyika tukabaki nyumbani mimi na mama wakwe wawili, kwa kuwa desturi ilitaka wakae mpaka maombolezo yaishe. Hapo ndipo niliposikia ukubwa wa nyumba. Asubuhi nilichemsha chai, nikafungua mdomo kusema, "Umwambie mama chai iko tayari," na hapakuwa na wa kuambiwa. Nikaweka kikombe mlangoni, nikarudi nyuma, nikakohoa. Mkono ukatoka ukakichukua. Kwa siku nyingi tuliishi hivyo, kwa kikombe na kikohozi. Ninamtamani mke wangu. Simtamani kwa mambo makubwa. Ninamtamani asimame katikati ya nyumba na kuyaharibu maneno yangu akiyapeleka upande wa pili, aniongezee njaa nisiyokuwa nayo. Ninamtamani saa ya chai kuliko saa nyingine yoyote. Wengine waliniambia nitazoea. Sijazoea, na sitaki.

Lile jambo la benchi nililibeba peke yangu. Nilisema, mama huyu amempoteza binti kwa sababu ya haya yangu, na hajui. Anakunywa chai yangu na hajui. Kuna siku nilitaka kumtuma mtu amwambie. Kisha nikafikiri: nimtume nani, na aseme nini?

Siku ya kuondoka kwao ikafika. Lori la kwenda Bukama lilikuwa barabarani mbele ya nyumba, mashine inaunguruma, mama mdogo ameshapanda na mizigo. Mimi nilisimama kando ya mlango, uso nimeuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, nikingoja mama mkwe apite. Nilisikia hatua zake zikija. Zikasimama.

"Tata," akasema.

Ni baba kwa lugha yetu; hakuwahi kuniita moja kwa moja. Nikajibu kwa Kiluba, jibu la heshima, "Eyo vidye," macho yakiwa bado ukutani.

"Ile siku ku Sanga, niliona ile kimuti mu mukono yako. Mutoto wangu alinionyeshaka zamani vile munapima. Nilijua ninakaa juu ya mazutu."

Nikaweka kiganja ukutani.

"Ku kijiji ya bavuvi, ukapunguza mashine. Nikasema, sasa atasema. Nikaanza kusimama. Haukusema. Nikakaa tena."

"Mama, kosa iko yangu."

"Ngoja nimalize. Kinywa ninayo. Miye pia ningesema. Niliona haya. Nikasema, mukwe wangu aweke mukono pale miye nilikaa? Aseme yeye kwanza. Na weye ulikuwa unasema, mama aanze. Mutoto anatungoja, na siye tuko tunapeana heshima."

Dereva akapiga honi. Mama hakutikisika. Nilikuwa nalia kwa sauti, mtu mzima, karani, nimeegemea ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Naye alikuwa analia, nilimsikia, lakini sauti yake haikukatika.

"Uniangalie," akasema.

"Mama, siwezi."

"Uniangalie. Hii haya tunamuwekea nani sasa?"

Nikageuka. Miaka yote ile sikuwahi kuutazama uso wa mama yule. Nilimjua kwa mgongo, kwa kitenge, kwa sauti ya nyuma ya ukuta. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alikuwa na jicho la kushoto linalofinya kidogo, na mwanya kwenye meno ya mbele, na mikunjo miwili kando ya mdomo ya mtu aliyecheka sana maishani. Kila kitu nilikijua. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka, uso ambao angekuwa nao miaka ishirini baadaye, nikiwa bado nimekaa naye.

Dereva akapiga honi tena. Tukaendelea kutazamana.